Presha Asubuhi, Wasiwasi Jioni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Msimamizi wa karakana anastaafu mwisho wa mwezi. Ametangaza mwenyewe wakati wa chai, machozi yakimlenga, makombo ya mkate yamejaa ndevuni. Kiti chake kitakuwa wazi. Kiti chenye mto! Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya mashine ya kukata karatasi katika kiwanda hiki cha uchapaji. Visigino vyangu vinajua kila ufa wa sakafu ile. Sasa nitakaa.

Tatizo ni kwamba tuko wawili tunaokitaka. Mwenzangu ni yule wa mashine ya kukunja, tunayemwita Nukta kwa sababu hajawahi kukosea hata nukta. Mtu mkavu kama kadibodi. Hacheki, hachelewi, na mikono ya shati lake imekunjwa sawasawa kulia na kushoto. Mimi wananiita Mipango. Jina limejieleza lenyewe.

Meneja amesema tutapimwa afya wote wawili, Ijumaa ya tarehe 14. Macho, masikio, presha, na fomu ya kujaza. Presha! Moyo ukapiga hodi kwenye mbavu. Mimi ni mtu wa presha, mwaka wa pili huu, kidonge kimoja cheupe kila asubuhi. Na tangu mwezi uliopita limezuka jambo jingine: mkutano ukiitwa tu, viganja vinalowa na pumzi inakata. Usingizi nao umenihama.

Nikamuaga Meneja kwamba naenda kwa daktari wa meno. Nikashika shavu ili aamini. Nikavuka mji mzima hadi zahanati ambako hata mlinzi hanijui.

Ya karibu na nyumbani siendi ng'o! Duka la dawa la mtaani linasimamiwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni mfamasia hodari, sikatai, na siri za wateja hazimtoki hata umbane kwa koleo. Lakini mimi si mteja, mimi ni ndugu. Nikikohoa dukani kwake asubuhi, mchana mama mkwe ananipigia simu kuuliza habari za kifua.

Kwa usalama zaidi nikajiandikisha kwa jina la marehemu babu yangu mzaa mama. Ujanja! Nikakaa kwenye benchi. Nesi akatoka, akaita jina mara tatu. Nikamlaani moyoni huyo mzee asiyeitika, anatuchelewesha sisi wagonjwa. Mara ya nne ndipo nikakumbuka kwamba ni mimi.

Daktari ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba. Akasema nina wasiwasi. Nikamwambia sina wasiwasi, nina shughuli. Akasema wasiwasi ni ugonjwa kama mwingine, na unatibika. Akapima presha, ikawa juu kidogo. Nikasema ni ngazi. Zahanati yenyewe haina ngazi, ni ya chini. Akaandika namba. Akauliza ninatumia dawa gani nyingine. Nikajibu hakuna. Akauliza tena, akisisitiza kwamba ni muhimu ajue. Nikaapa. Nikitaja presha ataandika barua, barua itafika kiwandani, na kiti kitakwenda kwa Nukta. Sikuzaliwa jana.

Akanipa vidonge vya njano. Nusu kila jioni, nirudi baada ya wiki mbili. Nisizidishe, nisiache ghafla, nisiguse pombe, nisisimamie mashine mpaka nijue dawa inanichukuaje. Niliitikia yote. Sikuandika hata moja, kumbukumbu yangu ni nzuri.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimelala! Usingizi wa mtoto aliyeshiba. Kidonge nilikikata katikati kwa wembe wa kazini, kipimo kilekile, fundi ni fundi. Asubuhi nikameza cha presha kama kawaida. Kazini Nukta akasema mbele ya watu kwamba rula yangu imeanza kuchoka. Siku nyingine ningewaka moto. Leo nilitabasamu. Akarudi nyuma hatua mbili.

Jioni nikajifungia chumbani na mashine ya kupima presha aliyotuletea Shemeji. 130 kwa 82! Wiki iliyopita dukani kwake ilikuwa 152! Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka mke wangu yuko sebuleni.

Ndipo wazo likanijia. Wazo kubwa! Kidonge cheupe kinashusha presha. Cha njano kinashusha wasiwasi, na wasiwasi ukishuka presha nayo inafuata. Basi vidonge hivi ni ndugu, vinavuta kamba upande mmoja, halafu mimi navitenganisha, kimoja asubuhi na kingine jioni, kana kwamba vimegombana. Vikutanishwe! Na ile nusu iwe nzima. Hata vitabu vyetu, mgongo ukipakwa gundi mara mbili hauachii. Msimamizi husema gundi mara mbili hukausha mgongo mpaka ukavunjika, lakini yeye anastaafu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango unafanya kazi kuliko nilivyotarajia! Jana cheupe cha asubuhi nilikiacha kimsubiri mwenzake. Jioni nikavimeza pamoja, kizima kwa kizima. Leo saa ilipolia nikaruka kitandani kama askari. Miguu ilifika sakafuni, kichwa kikabaki kwenye mto. Chumba kikazunguka, giza likaingia, nikajikuta nimekaa ndani ya kapu la nguo chafu.

Mke wangu akauliza ninafanya nini humo. Nikasema natafuta soksi. Akasema soksi ninazo miguuni.

Nikapima. 98 kwa 60! Tisini na nane! Hata kijana wetu anayecheza mpira hana namba kama hiyo. Nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Kama 130 ni nzuri, 98 ni nzuri zaidi, na nikiongeza bidii nani ajuaye nitafika wapi.

Kazini nilipanda ngazi ya stoo, nikashuka nimekumbatia ukuta. Nukta akauliza kama niko sawa. Nikamwambia ashughulike na mikunjo yake. Wivu huo! Ameona ninavyong'aa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo nimefanya upelelezi. Nilikwenda dukani kwa Shemeji kuchukua vidonge vyangu vyeupe vya mwezi. Nikaegemea kaunta, nikamwambia nina rafiki yangu, yaani rafiki, si mimi, anatumia dawa ya presha na ameongezewa ya wasiwasi na daktari mwingine asiyejua habari ya ile ya kwanza. Je, kuna neno?

Shemeji akaweka chini kijiko cha kuhesabia vidonge. Akaniuliza huyo rafiki ana akili timamu. Nikasema ana akili sana, tena ni mwenye mipango. Akasema basi asikilize. Wapo watu wengi wanaotumia dawa zote mbili bila matatizo yoyote, tena wasiwasi ukitibiwa presha nayo hupata nafuu. Lakini wote hao, daktari wao anajua na mfamasia wao anajua. Baadhi ya dawa za wasiwasi nazo hushusha presha. Zikikutana na ya presha bila mtu kupima na kupanga, presha inaweza kuanguka, hasa mtu akisimama ghafla. Anaona giza, anapasua kichwa. Nyingine huleta usingizi. Asiongeze, asipunguze, asihamishe saa kwa akili yake, wala asiache ghafla. Apakie dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata vitamini, aje nazo hapa. Bila miadi, leo hii.

Nikamwambia nitamfikishia. Akanisukumia vidonge vyangu, halafu akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia rafiki yangu hapendi methali.

Nimerudi nyumbani nikiruka! Mfamasia mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema watu wengi wanatumia zote mbili bila matatizo yoyote! Na kwamba presha inapata nafuu! Yale mengine aliyasema haraka haraka, nadhani ni ya wazee.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Hatari! Mke wangu alikuwa anafua suruali, akakuta mfukoni kadi niliyopewa kule zahanati. Akauliza ni ya nani. Nikasema niliiokota barabarani. Akasema hilo jina linafanana na la babu yako. Nikasema majina yapo mengi, hayana hati miliki. Akasema maskini, huenda mzee wa watu anahangaika bila kadi, kesho atairudisha mwenyewe.

Jasho! Nikasema nimeshampigia simu mwenyewe. Akauliza anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri sana. Akauliza anaumwa nini. Nikasema sikutaka kuchimba mambo ya watu. Akasema nimsalimie, nimwambie ajitunze, wazee wa siku hizi hawana watu wa kuwaangalia.

Nimefikisha salamu. Nilisimama mbele ya kioo nikazifikisha, maana ahadi ni deni.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku mbaya. Lakini ina funzo, na funzo ni kwamba lawama zina pa kwenda.

Asubuhi kulikuwa na kalenda za kampuni moja ya bima, ambayo mwaka wake unaanza Aprili. Elfu mbili. Nikazipanga, nikafunga kipimo, nikabonyeza vitufe viwili, kisu kikashuka. Kope zangu nazo zilikuwa zinashuka. Nikaendelea hivyo, fungu baada ya fungu, kichwa kikiwa na uzito wa rimu mbili. Nilipoamka, yaani nilipomaliza, niligundua kipimo kilihama vidole viwili. Safu ya mwisho ya kila kalenda imekwenda na maji. Kalenda elfu mbili, wiki ya siku sita. Hakuna Jumapili hata moja mwaka mzima.

Meneja alitoa macho mpaka nikahofia presha yake. Nukta akaokota kalenda moja, akaifunua polepole, akauliza kama wateja wa bima watapumzika lini. Miaka kumi na tisa hajatania! Leo ametania, na karakana nzima imecheka mpaka watu wakakaa chini.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Nikatazama vidole vyangu. Kumi. Nikavihesabu tena. Ile mashine haishuki mpaka mikono yote miwili iwe kwenye vitufe, na aliyebuni hivyo Mungu amweke pema. Lakini niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma: niliogopa sana, nikamkumbuka mke wangu anavyonikatia kucha mkono wa kulia, maana mwenyewe siwezi.

Baadaye nikapata nguvu. Mkosaji ni kidonge cha njano! Nimekifukuza leo leo. Kuanzia sasa ni cheupe peke yake.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sijalala siku mbili. Moyo unakwenda kama mashine ya kushona. Viganja ni maji matupu. Mke wangu akigusa kikombe, nashtuka. Jirani akipiga chafya, nasimama. Nimepima: 168 kwa 102. Nikadhani mashine imeharibika, nikampima mke wangu kwa kisingizio cha mapenzi. 118. Mashine ni nzima.

Keshokutwa ndiyo Ijumaa!

Akauliza kwa nini natetemeka. Nikasema ni baridi. Akasema tuna feni mbili zinazunguka. Kisha akauliza habari za yule mzee wa kadi. Nikasema hali yake imebadilika kidogo. Akasikitika kweli kweli, akasema labda ameacha dawa, wazee ni wakaidi. Nilikosa pa kuweka uso.

Lakini maji yakifika shingoni ndipo Mipango huogelea! Nimekaa na kalamu tangu alasiri na nimepata dawa ya dawa. Ijumaa asubuhi, saa moja kabla ya kupimwa: vyeupe viwili, cha njano kizima. Vyote kwa mpigo, maji kidogo. Namba itashuka kama lifti. Nitaingia kwa nesi nikiwa mtulivu kama ziwa. Naisikia tayari sauti ya mto wa kile kiti ukipumua chini yangu!

Ijumaa, tarehe 14 Machi, saa moja asubuhi

Nimemeza! Shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Kadi na vidonge vya njano viko mfuko wa suruali kama akiba. Mke wangu amenitakia heri, nimemwambia jioni atalala na msimamizi. Ameuliza yupi. Kila kitu kiko tayari!

Jumapili, tarehe 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una sindano ya dripu. Mwandiko huu ni wa kuku, nitasahihisha nikitoka.

Tulianza vizuri. Chumba cha huduma ya kwanza cha kiwanda, mimi na Nukta kwenye viti viwili, kila mtu na fomu yake. Swali la saba: dawa unazotumia. Nikaandika *hakuna*, kwa herufi nzuri. Nukta akaandika, akaandika, akaomba kalamu nyingine. Moyoni nikacheza ngoma. Kumbe mtu mzima huyu ni duka la dawa linalotembea!

Nesi wa kiwanda akampima: 146. Akanipima mimi nikiwa nimekaa: 108 kwa 66. Mia na nane! Nilimgeukia Nukta, nikampa uso wa ushindi. Nesi hakufurahi. Alikunja uso, akauliza kama nahisi kizunguzungu. Nikasema nahisi furaha. Akasema atanipima tena nikiwa nimesimama, niinuke taratibu.

Taratibu ni ya wagonjwa. Niliruka juu nikapiga na saluti.

Kilichofuata nimesimuliwa. Nilishuka mzima mzima, kichwa kikielekea kona ya meza ya chuma. Nukta alitupa fomu yake, akajitupa yeye, akakidaka kichwa changu kikiwa kimebakiza kiganja kimoja kufika. Amechubuka viwiko vyote viwili. Shati lake limechanika, kulia na kushoto, sawasawa.

Wakaniinua miguu. Nesi akapima: 74 kwa 40. Akawa anapiga kelele sikioni kwangu, umekunywa nini, umekunywa nini. Nilimsikia. Nilitaka kujibu. Ulimi ulikuwa mbali, kama uko chumba cha pili. Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kufa katika chumba chenye watu wanaotaka kunisaidia, na hakuna anayejua nimemeza nini. Mimi pekee ndiye niliyejua, na mimi sikuwepo.

Nesi akapekua mfuko wangu. Akakuta kadi ya mtu mwingine na vidonge vya mtu mwingine. Akadhani nimemwibia mgonjwa. Akapiga simu zahanati ya ng'ambo. Daktari wa miwani ya kamba akasema mzee huyo hana dawa nyingine, aliapa. Nukta naye akatafuta kwenye simu yangu namba ya Shemeji, akampigia. Shemeji akaja mbio na koti lake jeupe, kiatu kimoja mkononi, akasema huyu ana dawa ya presha tu, hana nyingine. Kila mmoja alikuwa na nusu yangu. Dakika nzima walibishana kwa simu juu ya watu wawili, mpaka Shemeji akauliza mgonjwa wenu ana kovu la wembe wa karatasi kwenye kidole gumba? Daktari akasema analo. Halafu wote wawili wakasema neno moja ambalo sitaliandika.

Gari la wagonjwa, dripu, kitanda hiki. Nilifungua macho jioni. Mke wangu alikuwa amekaa na ile kadi mapajani. Nilitarajia kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba watoto, ungekufa wewe, wangempigia simu nani? Hapa pameandikwa babu yako. Ningekaa nyumbani nasubiri, nakupakulia chakula, na wewe umelala huko kwa jina la maiti."

Kisha akalia. Nami nikalia. Nililia sana. Sitaki kutania hapa.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Leo kitandani kwangu kumefanyika kikao. Daktari wa ng'ambo, Shemeji, mke wangu, na vidonge vyangu vyote kwenye sinia moja. Waliongea kana kwamba mimi ni mashine iliyoletwa karakana. Hawakunifokea. Daktari alisema ningemwambia ukweli siku ile, angechagua kwa kuijua presha yangu na kuanza pole pole, na leo ningekuwa kazini.

Maamuzi ni haya. Kadi moja, jina langu. Duka la dawa moja. Cheupe asubuhi, kimoja. Cha njano jioni, nusu, kama kilivyoandikwa. Kupima kila siku, kukaa na kusimama, na kuandika. Kuamka: kwanza nikae ukingoni mwa kitanda, nihesabu taratibu, ndipo nisimame. Hakuna mashine mpaka daktari aruhusu. Na orodha ya kila ninachomeza, moja ikae mlangoni pa friji, moja mfukoni mwangu, moja kwa Shemeji. Shemeji ameapa kwamba mama mkwe hatajua. Mama mkwe amepiga simu saa saba.

Mchana Nukta alikuja, viwiko vimefungwa bandeji. Akaketi. Akasema kwamba yeye anatumia dawa ya presha na ya wasiwasi, mwaka wa nne sasa. Zote mbili! Nilitaka kukaa, nikakumbuka dripu. Akasema hata yeye hulowa viganja mkutano ukiitwa, ndiyo maana hukunja mikono ya shati, ncha zake zisilowe jasho watu wakaona. Alikuwa ameziandika zote kwenye swali la saba, na saa anazomeza.

Nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayezama: na wamekukatalia? Akasema hapana. Presha inayotibiwa haimzuii mtu. Msimamizi anayestaafu ana dawa tatu. Meneja alisema kilichomfanya anifute mimi ni neno moja tu nililoliandika kwa herufi nzuri.

Kiti ni cha Nukta. Mimi nitahamia meza ya gundi, kwa muda, kazi ya kukaa. Akanipa mkono. Nikaushika. Ulikuwa umelowa, na wangu pia.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Mambo yamenyooka! Siku nane nimefuata kila kitu. Nakaa ukingoni mwa kitanda kama bwana harusi anayesubiri kuitwa, ndipo naamka. Nalala vizuri. Kope haziangukii kazini. Leo nimepima: 126 kwa 80 nikikaa, 122 kwa 78 nikisimama. Mke wangu ameimba akiosha vyombo. Jana amenikatia kucha, zote kumi, akanibusu kidole gumba. Nimekuwa mtu mpya. Nimejifunza! Naweza kusema kwa kinywa kipana kwamba nimejifunza.

Na sasa habari kubwa! Nukta anahitaji msaidizi! Msaidizi wa msimamizi! Kiti hakina mto, lakini kina magurudumu! Nukta amesema kuna upimaji wa afya Ijumaa, na fomu ileile, na nisiwe na wasiwasi, nijaze tu ukweli. Namba yangu ni nzuri, kila mtu anasema.

Ni nzuri, ndiyo. Lakini 126 ni namba ya mtu wa kawaida. Msaidizi wa msimamizi anatakiwa ang'ae.

Bahati haina mwenyewe: jirani yetu, yule fundi viatu, ameniuzia kichupa cha matone ya majani na mizizi. Yeye mwenyewe anatumia. Yanasafisha mishipa, yanatuliza moyo, yanashusha presha, na yanaondoa kutu kwenye nyundo, nimeona kwa macho yangu! Nimekificha ndani ya kiatu cha mvua.

Jioni Shemeji alipita kukagua orodha kwenye friji. Akaniuliza uso kwa uso kama hiyo ndiyo kila dawa ninayomeza. Nikamjibu ndiyo, bila kupepesa, maana ni kweli tupu. Orodha inasema dawa. Haya ni majani. Mbuzi hula majani kutwa, nani amemwandikia orodha?

Naanza kesho asubuhi, pamoja na kile cheupe ili vizoeane. Kichupa kinasema matone matano. Nitaweka kumi na tano, mwili wangu ni mkubwa.